Tarakilishi Inapokuwa Bubu na Kipofu: Uchunguzi wa Hitilafu za Sauti na Michoro

Utangulizi

Idara za Kiswahili katika vyuo vikuu zimeifanya tarakilishi kuwa ghala, maktaba na maabara kwa wakati mmoja. Ndani yake mna rekodi za nyimbo, masimulizi ya wazee, mahojiano ya lahaja na picha za miswada ya tenzi zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu. Mwanafunzi wa fasihi simulizi huisikiliza rekodi ile ile mara kumi ili ainukuu barabara. Mwanafunzi wa fonetiki huipima sauti moja kwa sehemu ndogo za sekunde. Naye mhakiki wa tenzi kongwe huikuza picha ya ukurasa hadi nukta ya herufi ibainike. Kazi zote hizi zinategemea mambo mawili: sauti itoke ilivyonaswa na picha ionekane ilivyo.

Mambo hayo mawili yanapokosekana, aghalabu mtumiaji hushikwa na fadhaa. Huibeba tarakilishi hadi kwa fundi na kumwambia neno moja tu: "Imeharibika." Fundi naye, akiwa na foleni ya wateja, huenda akafuata njia ya mkato ya kuifuta diski kuu na kuupachika mfumo upya. Tarakilishi hurudi ikiwa inaongea na kuonyesha, lakini rekodi hazimo tena. Spika hununuliwa dukani. Sauti ya manju aliyekwisha kuaga dunia haina duka. Jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba mara nyingi hitilafu yenyewe huwa ni waya uliolegea, tundu lililokosewa au kiendeshi kilichopitwa na wakati.

Makala haya yanadhamiria kueleza njia inayopitiwa na sauti na picha ndani ya tarakilishi ya mezani, namna ya kutambua mahali njia hiyo ilipokatika, na wakati ambapo ni busara kumwachia fundi kazi yake. Fauka ya hayo, yanatilia mkazo suala la istilahi, kwa kuwa hitilafu isiyoweza kuelezwa ni vigumu kutengenezwa.

Istilahi za Mjadala Huu

Ni vyema kwanza kukubaliana kuhusu majina. Chombo chenyewe kimepewa majina kadhaa katika historia fupi ya istilahi za Kiswahili. Kuna waliokiita ngamizi. Kenya imelizoea zaidi neno tarakilishi katika maandishi ya kitaaluma. Tanzania nayo hutumia kompyuta. Makala haya yanatumia tarakilishi bila ya kuyabeza majina mengine.

Ubao mama ni ule ubao mkubwa ndani ya sanduku la tarakilishi unaounganisha sehemu zote. Kadi ya sauti ni sehemu inayogeuza tarakimu kuwa mawimbi ya umeme yanayoweza kusikika kupitia spika. Kadi ya michoro ni sehemu inayotayarisha picha kabla ya kupelekwa kwenye kiwambo. Mfumo endeshi ni programu kuu inayosimamia kazi zote, kama vile Windows au Linux. Kiendeshi ni programu ndogo inayouwezesha mfumo endeshi kuwasiliana na kifaa fulani. Ni mkalimani kati ya pande mbili zisizojuana lugha. Neno kipaza sauti limeepukwa kwa makusudi, maadamu baadhi ya watu hulitumia kwa chombo kinachotoa sauti na wengine kwa chombo kinachoipokea. Hapa kinachotoa sauti ni spika, na kinachopokea ni maikrofoni.

Ikumbukwe kwamba juhudi za kuifanya tarakilishi iongee Kiswahili si ngeni. Mnamo mwaka wa 2004, mradi wa Kilinux uliohusishwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi za OpenOffice zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Kazi ya aina hiyo iliwalazimu watafsiri kutafuta maneno ya mamia ya vitendo na vifaa. Istilahi za hitilafu, hata hivyo, hazijashughulikiwa kwa kiwango hicho.

Njia ya Sauti na Njia ya Picha

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Sauti inayotoka kwenye spika imesafiri safari ndefu. Huanzia kwenye faili iliyo katika diski kuu ikiwa mfululizo wa tarakimu. Programu ya kuchezea sauti huisoma faili hiyo na kuikabidhi kwa mfumo endeshi. Mfumo endeshi huipitisha kwa kiendeshi, nacho kiendeshi huipeleka kwenye kadi ya sauti. Hapo tarakimu hugeuzwa kuwa mawimbi ya umeme, yakapita kwenye tundu, yakaingia kwenye waya na kufika kwenye spika, ambayo huyatikisa hewani hadi yakalifikia sikio.

Katika miaka ya 1980, tarakilishi nyingi za ofisini hazikuweza kutoa zaidi ya mlio mwembamba wa onyo. Kadi ya Sound Blaster, iliyotolewa na kampuni ya Creative ya Singapore mwaka wa 1989, ilikuwa miongoni mwa zile zilizoeneza sauti kamili katika tarakilishi za watu binafsi. Baadaye kazi hiyo ilihamishiwa kwenye ubao mama wenyewe, hasa baada ya Intel kutoa viwango vya AC'97 mwaka wa 1997 na HD Audio mwaka wa 2004. Ndiyo sababu tarakilishi nyingi za leo hazina kadi ya sauti inayoweza kuchomolewa. Kinachoitwa kadi ni kijisehemu kidogo kilichogandamizwa kwenye ubao mama.

Picha nayo hupitia njia inayofanana na hiyo: programu, mfumo endeshi, kiendeshi, kadi ya michoro, kebo, kisha kiwambo. Kebo zenyewe zimebadilika. VGA, yenye pini 15, ilianza mwaka wa 1987 na hubeba picha pekee. DVI ilifuata, kisha HDMI na DisplayPort, ambazo hubeba picha pamoja na sauti. Tofauti hii ndogo ni chanzo cha ukimya mwingi, kama itakavyobainika.

Kanuni Tano za Uchunguzi

Kabla ya kugusa chochote, mchunguzi hana budi kuzingatia kanuni tano. Kwanza, kazi muhimu inakiliwe mahali pengine ikiwa tarakilishi ingali inawaka. Pili, uchunguzi uanzie nje uende ndani: umeme, waya, tundu, vitufe, mipangilio, kiendeshi, na mwisho kifaa chenyewe. Tatu, kibadilishwe kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Anayebadilisha vitu vitatu kwa pamoja hatajua ni kipi kilichoponya. Nne, kila hatua iandikwe, ili iweze kurudiwa au kutanguliwa. Tano, panapokuwa na shaka, kifaa kinachoshukiwa kijaribiwe kwenye tarakilishi nyingine, au kifaa kizima kiletwe kwenye tarakilishi inayoshukiwa.

Kanuni ya tano ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Spika zikinyamaza kwenye tarakilishi moja na kuongea kwenye nyingine, spika hazina hatia. Kiwambo kikibaki cheusi hata kikiunganishwa na tarakilishi jirani, kwa kebo nyingine iliyo nzima, basi kiwambo ndicho kigonjwa. Mwanaisimu ataitambua mbinu hii mara moja: ndiyo ile ya kubadilisha fonimu moja katika jozi ya maneno ili kuona iwapo maana itabadilika.

Hitilafu za Sauti

(a) Ukimya

Ukimya una sababu nyingi, na nyingi ni nyepesi. Je, spika zina umeme, na taa yake inawaka? Kitufe cha sauti hakijapunguzwa hadi mwisho? Waya umeingizwa kwenye tundu linalofaa? Kwa kawaida tundu la kijani ni la spika au la vipokea sauti vya masikioni, la waridi ni la maikrofoni, nalo la buluu ni la kuingizia sauti kutoka chombo kingine kama vile kinasa sauti. Waya wa spika ukiingizwa kwenye tundu la waridi, hakuna kitakachosikika. Pia, matundu ya mbele ya sanduku huunganishwa na ubao mama kwa waya wa ndani. Tarakilishi iliyowahi kufunguliwa inaweza kuwa na matundu ya mbele yaliyokufa ilhali ya nyuma yangali hai.

Mambo haya yakiwa sawa, hatua inayofuata ni mipangilio. Mfumo endeshi huweza kutambua vifaa kadhaa vya kutoa sauti, lakini hukiteua kimoja kuwa chaguo-msingi. Kiwambo kipya kinapounganishwa kwa HDMI, mfumo unaweza kukiteua chenyewe kuwa mahali pa kupelekea sauti. Ikiwa kiwambo hicho hakina spika, sauti hupelekwa mahali pasipo na kinywa. Mtumiaji huona mistari ya sauti ikipanda na kushuka kwenye kiwambo, lakini hasikii neno. Dawa yake ni kuingia katika mipangilio ya sauti na kuzirejesha spika kuwa chaguo-msingi. Isisahaulike kwamba kila programu huweza kuwa na kiwango chake cha sauti, hivyo kwamba moja inyamaze huku nyingine zikiendelea kusikika.

Ukimya ukiendelea, shaka huelekea kwenye kiendeshi. Katika Windows, orodha ya vifaa huweka alama ya njano yenye kistari na nukta ya mshangao kando ya kifaa chenye tatizo. Kiendeshi huweza kuondolewa na tarakilishi kuwashwa upya ili mfumo ukisakinishe tena, au kipya kikapatikana kutoka kwa mtengenezaji wa tarakilishi au wa ubao mama. Kiendeshi kisichukuliwe popote pale kwenye intaneti. Tovuti nyingi zinazogawa viendeshi vya bure hugawa na virusi.

Kuna kipimo kimoja kinachofaa sana hapa. Mfumo wa Linux unaweza kuwekwa kwenye flashi na tarakilishi ikawashwa kwa flashi hiyo, bila ya kusakinisha wala kufuta chochote katika diski kuu. Sauti ikisikika chini ya Linux, basi kadi ya sauti, matundu, waya na spika ni vizima. Kasoro iko katika programu. Isiposikika, kadi yenyewe inaanza kushukiwa, ingawa si hukumu ya mwisho, kwa kuwa Linux nayo huweza kukosa kiendeshi cha kadi fulani.

(b) Mvumo na mkwaruzo

Sauti inayotoka ikiwa chafu huhitaji sikio la makini, na hapa Kiswahili kina utajiri unaostahili kutumiwa. Mvumo mzito usiokoma, unaosikika hata pasipo na kitu kinachochezwa, mara nyingi hutokana na umeme wa ukutani, ambao nchini Kenya huwa na mizunguko 50 kwa sekunde. Hutokea hasa pale tarakilishi na spika zinapochomekwa kwenye soketi mbili tofauti, au pale waya wa ardhini unapokuwa na kasoro. Vyombo vyote viwili vichomekwe kwenye soketi moja na matokeo yalinganishwe. Mkwaruzo unaobadilika waya unapotikiswa huashiria waya uliokatika kwa ndani au tundu lililolegea. Mchakacho unaotokea tu tarakilishi inapolemewa na kazi nyingi huashiria kiendeshi, au programu zinazogombania nafasi.

Sauti ikitoka upande mmoja pekee, spika ya kulia na ya kushoto zibadilishwe nafasi. Ukimya ukihama pamoja na spika, spika ni mbovu. Ukibaki upande ule ule, kasoro iko kwenye waya, tundu au mizani ya sauti katika mipangilio.

(c) Sauti isiyo ya kweli

Hitilafu mbaya zaidi kwa mtafiti ni ile isiyojitangaza: sauti inasikika, lakini si ile iliyotamkwa. Tarakilishi hunasa sauti kwa kuichukulia sampuli maelfu ya mara kwa sekunde, na haiwezi kuhifadhi mitetemo inayozidi nusu ya idadi ya sampuli hizo. Diski za muziki hutumia sampuli 44,100 kwa sekunde, kiasi kinachotosha sikio la binadamu, ambalo husikia hadi mitetemo ipatayo 20,000 kwa sekunde. Maikrofoni ikiwekwa kwenye sampuli 8,000 kwa sekunde, kila kilicho juu ya mitetemo 4,000 hupotea. Sehemu kubwa ya nguvu ya kikwamizo /s/ iko juu ya kiwango hicho. Mtafiti anayetaka kujua iwapo mzungumzaji alitamka thamani au samani, basi, atakuwa anaihoji rekodi iliyokwisha kupoteza ushahidi.

Hali kadhalika, faili iliyonaswa kwa sampuli 44,100 ikichezwa kimakosa kana kwamba ni ya sampuli 48,000, kasi na kidatu hupanda kwa takriban asilimia 9. Mahojiano ya dakika 10 humalizika kwa takriban dakika 9 na sekunde 11. Msikilizaji wa kawaida huenda asitambue, lakini anayepima kiimbo au kasi ya usemi atachapisha takwimu za uongo. Dawa yake ni kuhakikisha kwamba programu ya kurekodia na mipangilio ya mfumo zinataja idadi moja ya sampuli.

Kuna pia vichujio vinavyodaiwa kuboresha sauti kwa kuondoa kelele. Vichujio hivi hufaa katika mazungumzo ya kawaida, lakini huweza kuichukulia pumzi kuwa kelele. Katika lahaja ya Kimvita, mpumuo ndio unaotenganisha paa wa mwituni, mwenye /p/ yenye mpumuo, na paa la nyumba, lisilo nao. Kichujio kikiufifisha mpumuo huo, mnyama na nyumba huwa kitu kimoja. Kwa kazi ya isimu, vichujio vyote vizimwe kabla ya kurekodi.

Mwisho, maikrofoni isiyonasa chochote ichunguzwe kwa mpangilio ule ule: tundu la waridi, chaguo-msingi la kuingiza sauti, kisha ruhusa. Windows 10 na Windows 11 zina mipangilio ya faragha inayoweza kuzizuia programu kutumia maikrofoni, hata iwapo maikrofoni yenyewe ni nzima.

Hitilafu za Michoro

(a) Kiwambo cheusi

Kiwambo kikiwa cheusi, swali la kwanza ni iwapo taa yake inawaka. Isipowaka, uchunguzi uanzie kwenye soketi na waya wa umeme. Ikiwaka na kiwambo kikaandika kwamba hakipokei mawimbi, basi kiwambo ki hai lakini hakiletewi picha. Hapo kebo ikazwe pande zote mbili, na kitufe cha kiwambo kitumiwe kuteua tundu linalotumika, kwa sababu kiwambo chenye VGA na HDMI huenda kinasubiri picha kwenye tundu lisilo na kebo. Tarakilishi yenye kadi ya michoro ya pekee huwa na matundu ya picha mahali pawili: kwenye ubao mama na kwenye kadi. Kebo iunganishwe na kadi. Katika tarakilishi nyingi matundu ya ubao mama huzimwa kadi inapokuwepo.

Tarakilishi nyingi huwa na lugha yao ya dharura. Zinapowashwa hujichunguza, na zikikosa njia ya kuonyesha tatizo kwenye kiwambo, hulia. Mpangilio wa milio hutofautiana kulingana na mtengenezaji wa programu ya mwanzo iliyo kwenye ubao mama. Kwa zile za Award, mlio mmoja mrefu ukifuatwa na miwili mifupi huashiria tatizo la kadi ya michoro. Kwa zile za AMI, milio minane huashiria kumbukumbu ya kadi hiyo. Mtumiaji ahesabu milio na kuiandika kabla ya kufanya lolote. Mara nyingine kadi au kijiti cha kumbukumbu kimelegea tu, na kukitoa, kukipangusa na kukirudisha kwa uangalifu hutosha.

(b) Picha iliyovimba

Baada ya mfumo kusakinishwa upya, mara nyingine kila kitu huonekana kikubwa na chenye ukungu. Sababu ya kawaida ni kwamba mfumo unatumia kiendeshi cha muda, kisichoijua kadi ya michoro iliyomo. Kila kiwambo bapa kina idadi yake halisi ya nukta. Viwambo vingi vina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo. Kikiletewa picha ya nukta 1,024 kwa 768, hulazimika kuitandaza juu ya nukta zake, na kingo za herufi hufifia. Kiendeshi halisi cha Intel, AMD au NVIDIA, kulingana na kadi, kikisakinishwa, idadi halisi ya nukta hupatikana katika mipangilio.

Kwa msomaji wa miswada, jambo hili lina uzito wake. Katika hati ya Kiarabu, katikati ya neno, herufi ba, ta na tha huwa na umbo moja. Kinachozitenganisha ni nukta: moja chini, mbili juu, tatu juu. Nun hapo huwa na nukta moja juu, na ya nukta mbili chini. Picha ya mswada iliyotandazwa vibaya huweza kuziunganisha nukta mbili zikaonekana moja, na neno zima likabadilika. Kabla ya kumlaumu mnakili wa karne iliyopita, mhakiki akichunguze kiwambo chake kwanza.

(c) Rangi zilizopotoka

Kebo ya VGA hupitisha rangi nyekundu, kijani na buluu kila moja kwa njia yake. Pini moja ikivunjika au kupinda, rangi moja hukosekana. Kiwambo kikigeuka cha manjano, buluu haifiki. Kikiwa na rangi ya samawati iliyochanganyika na kijani, nyekundu haifiki. Kikiwa cha urujuani unaoelekea uwaridi, kijani haifiki. Hivyo rangi yenyewe hutaja pini ya kuchunguzwa. Aghalabu kebo mpya humaliza tatizo.

(d) Mistari, madoadoa na kuganda

Mistari na madoadoa yanaweza kutoka kwenye kiwambo, kebo au kadi. Kipimo rahisi ni kufungua orodha ya mipangilio ya kiwambo chenyewe, ile inayotokea kwa kubonyeza vitufe vya kiwambo. Mistari ikipita hata juu ya orodha hiyo, kiwambo kinashukiwa. Ikiwa orodha ni safi na picha iliyo nyuma yake ni chafu, uchunguzi uelekee kwenye kebo na kadi.

Madoadoa yanayotokea baada ya muda wa kazi, yakifuatwa na kuganda au kuzimika, huashiria joto. Vumbi huziba feni na mapezi ya kupoozea, hasa pale sanduku linapowekwa sakafuni. Tarakilishi izimwe, ichomolewe, na vumbi litolewe kwa brashi laini au hewa ya kopo, huku feni ikishikiliwa isizunguke. Usipoziba ufa utajenga ukuta: feni iliyopuuzwa huweza kuigharimu kadi nzima.

Ikiwa kasoro hutoweka tarakilishi inapowashwa katika hali salama, ambayo hutumia viendeshi vya msingi pekee, basi kiendeshi cha kawaida ndicho cha kushukiwa.

Mipaka ya Mtumiaji na Kazi ya Fundi

Kujua kuchunguza hakumaanishi kufungua kila kitu. Sanduku dogo la kugawa umeme ndani ya tarakilishi, pamoja na viwambo vya zamani vyenye mgongo mkubwa, huhifadhi umeme hatari hata baada ya kuchomolewa. Vitu hivi visifunguliwe na asiye na ujuzi. Anayegusa kadi au kumbukumbu aichomoe tarakilishi kwanza, kisha aguse chuma cha sanduku ili umeme tuli wa mwilini umtoke.

Kazi inapofika kwa fundi, lugha huwa zana. Linganisha kauli mbili. Ya kwanza: "Fundi, tarakilishi imeharibika." Ya pili: "Fundi, tangu jana hakuna sauti. Spika ni nzima, nimezijaribu kwenye tarakilishi nyingine. Nimeiwasha kwa Linux kwenye flashi, sauti ikasikika. Nashuku kiendeshi. Tafadhali usiifute diski. Ukiona ni lazima, nipigie simu kwanza." Kauli ya pili imeshafanya nusu ya kazi ya fundi na kuilinda kazi ya miaka ya mwenye tarakilishi. Fundi mwema huifurahia, kwa sababu inampunguzia kubahatisha.

Kuhusu ulinzi wenyewe, kanuni inayopendekezwa na wengi ni ya nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mahali tofauti na nyingine. Kwa mtafiti wa fasihi simulizi, nakala moja iwe kwenye tarakilishi, ya pili kwenye diski ya nje, na ya tatu katika idara au katika hifadhi ya mtandaoni. Idara nazo zikumbuke kwamba msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Tarakilishi kuukuu zisizoweza kubeba Windows 11 huweza kuhamishiwa kwenye Linux, lakini uhamisho huo ufanywe baada ya nakala kukamilika, na baada ya sauti na picha kujaribiwa kwa flashi.

Hitimisho

Imebainika kwamba sauti na picha hufuata njia inayoweza kuelezwa hatua kwa hatua, na kwamba hitilafu nyingi hujitokeza mahali ambapo mtumiaji wa kawaida anaweza kupafikia kwa jicho, sikio na subira. Imebainika pia kwamba hitilafu za aina hii huweza kupotosha matokeo ya utafiti kabla hazijazima chombo: kikwamizo kilichokatwa, kidatu kilichopandishwa, nukta iliyomezwa.

Mapendekezo mawili yanafuata. Kwanza, kozi za mbinu za utafiti katika idara za Kiswahili zitenge muda wa kuwafunza wanafunzi kujaribu vyombo vyao kabla ya kwenda nyanjani, kwa kurekodi orodha fupi ya maneno yenye sauti tata na kuisikiliza papo hapo. Pili, wanafunzi wa istilahi wakusanye maneno ambayo mafundi wa mitaani wanayatumia tayari kuelezea magonjwa ya vyombo hivi, kabla ya kubuni mapya mezani. Fundi anayesema kiwambo "kinapepesa" au spika "inakwaruza" ana leksikoni iliyo hai, nayo yangojea kuandikwa.